Msimu mpya na Southend yangu, baada ya kilio cha Wembley

Nikiwaambia watu nyumbani Tanga kwamba huku Uingereza timu yangu ni Southend United swali la kwanza wanaloniuliza ni ipo nafasi ya ngapi Ligi Kuu, na nikiwajibu kwamba haipo Ligi Kuu, haipo Championship, haipo League One wala League Two, ipo daraja la tano kule wanakoita National League, basi wanahisi baridi imeniingia kichwani. Dada yetu we, uko Uingereza, London ipo saa moja tu na treni, Arsenal ipo, Chelsea ipo, halafu wewe unaenda kunyeshewa mvua ukiangalia Braintree? Ndiyo jamani. Na ningerudi kesho kama ligi ingekuwa inaanza kesho. Msimu wa 2025-26 unaanza Agosti hii ya 2025 na kiukweli sijawahi kuwa na matumaini makubwa na roho juu kwa wakati mmoja kama ninavyojisikia sasa hivi, ndo maana nimeona niandike, maana nikiongea nyumbani mwanangu ananiambia mama tumeshasikia.

Kwa ambao hawafuatilii, ipo hivi. Uingereza timu zilizo ndani ya ligi ni 92, yaani Ligi Kuu 20 na madaraja matatu yanayofuata yenye timu 24 kila moja. Chini ya hapo kote wanakuhesabu uko nje ya ligi, hata kama unacheza kila Jumamosi na wachezaji wako wanalipwa mshahara kama kazi nyingine. National League ndo daraja la kwanza huko nje. Southend ilikuwa ndani ya ligi tangu 1920, ikashuka kutoka League One mwaka 2020, ikashuka tena kutoka League Two 2021, na miaka 101 ikaishia hapo. Mimi nilifika mji huu 2022 kuja kufanya kazi ya kuhudumia wazee, nikakuta mji mzima bado una kidonda kibichi. Madereva wa basi, wauza chips kule ufukweni, wote ukigusa mpira wanaguna.

Mi nilikuja nikiwa Manchester United, kama Watanzania wengi tu, Man U ya kurithi kwa kaka zangu na vibanda umiza. Sasa kazini kuna babu mmoja, sitamtaja jina, amezaliwa hapa hapa na kukulia hapa hapa, na Jumamosi ikifika saa tisa alasiri hataki chai, hataki stori, hataki mtu apite mbele ya redio mpaka BBC Essex wamalize kutangaza mechi. Siku moja nikamuuliza babu, nani anacheza? Akaniangalia weeee, akaniuliza na wewe timu yako ipi, nikamwambia Manchester United. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema tarehe 7 Novemba 2006, nenda kaangalie. Nikaenda kuangalia kwenye simu muda wa mapumziko, aisee, Kombe la Ligi, raundi ya nne, uwanja wa Roots Hall, Southend 1 Manchester United 0, na Man U siku hiyo ndani kuna Rooney na kuna Ronaldo, halafu anatokea jamaa anaitwa Freddy Eastwood anapiga faulo moja kutoka mbali, mpira unaingia juu kabisa ndani ya goli, kipa anaruka bure. Na Southend wakati huo ilikuwa mkiani kabisa Championship! Nilivyorudi babu hata hakusema kitu, alininyooshea kidole tu akitabasamu. Toka siku hiyo sijawahi kumpita bila kumpa habari za timu.

Yeye hawezi kwenda uwanjani tena, miguu imekataa. Nikaanza kwenda mimi, mwanzo kwa ajili yake, nije nimsimulie, maana redio inakuambia goli limefungwaje lakini haikuambii yule beki wa kulia amevaa bandeji mguuni, au kocha amevua koti kwenye mvua anapiga kelele. Baada ya muda nikawa naenda kwa ajili yangu.

Roots Hall nikikuelezea utasema mbona ni uwanja wa kawaida tu. Upo pale Victoria Avenue, Prittlewell, ukishuka treni unatembea kidogo tu, katikati ya nyumba za watu. Ulifunguliwa 1955 na hela nyingi za kuujenga zilitoka kwa mashabiki wenyewe, walichangishana mwaka hadi mwaka. Babu anasema baba yake alikuwa akitoa shilingi zake kwenye mchango hata mwezi ambao nyumbani hamna nyama. Hii kitu ilinigusa sana kwa sababu kwetu pia tunajua kuchangishana, harusi tunachangia, msiba tunachangia, sasa hawa walichangia uwanja, na miaka 70 baadaye bado wajukuu zao wanakaa pale pale. Klabu yenyewe ilianzishwa 1906 kwenye baa inaitwa Blue Boar, hatua chache kutoka uwanjani, na jina lao la utani ni Shrimpers, wavuvi wa uduvi, kwa sababu huu ni mji wa pwani. Mimi mtoto wa Tanga nikaambiwa hivo nikajisikia nimefika kwetu. Bobby Moore, nahodha aliyebeba Kombe la Dunia 1966, aliwahi kuwa kocha pale miaka ya themanini, watu wazima wanakuonyesha alipokuwa anasimama.

Kitu nilichokuwa sikijui kabla, maana mpira wa Uingereza nilikuwa nauona kwenye tv tu, ni kwamba daraja hili unasikia kila kitu. Unamsikia kipa anawatukana mabeki wake, unasikia mguu ukigongana na mguu, mchezaji akija kurusha mpira karibu yako unaweza kumwambia hongera na akageuka akakuitikia. Mwanangu siku ya kwanza alipopewa tano na winga wetu mmoja hakunawa mkono mpaka usiku. Kuna mama mmoja wa Kiingereza anakaa kiti cha jirani yangu jukwaa la East Stand, mtu mzima, alinikuta natetemeka Januari akanifunika nusu ya blanketi lake bila kuniuliza jina, jina tuliulizana mechi ya tatu au ya nne huko. Saa hizi nikikosa mechi ananitumia meseji kuuliza kama niko salama. Mimi niliishi mji huu miezi mingi bila kujua mtu yeyote nje ya kazi, sasa nikipita mjini nasalimiwa. Kwa mtu aliyeacha ukoo mzima Tanga hilo sio jambo dogo hata kidogo.

Lakini nisiwadanganye, nilifika wakati mbaya. Hela zilikuwa zimeisha. Klabu ilikuwa inapelekwa mahakamani na watu wa kodi mara kwa mara, na kila kesi ikija tulikuwa tunakaa na simu mkononi kazini kama tunasubiri majibu ya hospitali, klabu itafungwa au tutaongezewa siku? Mishahara ilichelewa, wachezaji na hata wafanyakazi wa ofisini. Klabu ikafungiwa kusajili. Agosti 2023 ikakatwa pointi 10 kwa sababu ya deni la kodi, ligi ndo kwanza imeanza. Na hapo ndo nilipomwelewa Kevin Maher, kocha wetu, huyu alikuwa nahodha wa Southend enzi zake, kaichezea mechi zaidi ya 400, akarudi 2021 kuja kuifundisha ikiwa imeshaanguka. Angeweza kuondoka zake. Alikaa na kikosi kidogo, benchi lina watoto, na bado msimu ule wa 2023-24 tukamaliza nafasi ya 9, yaani hizo pointi 10 zingekuwepo tungecheza mchujo wa kupanda daraja. Sijui makocha wangapi wa huko juu wangeweza hiyo kazi.

Kuna watu wanasema mpira ni mpira tu, klabu ikifa utashabikia nyingine. Wakaongee na watu wa Bury. Bury ilifukuzwa kwenye ligi Agosti 2019, klabu ya tangu karne ya kumi na tisa, na Macclesfield ikafilisiwa 2020. Hizo zilikuwa zinatajwa kwenye mazungumzo yetu kila wiki, sio kama historia, kama majirani waliofiwa. Sisi tuliokolewa kwa kununuliwa, na kule kununuliwa kwa klabu yetu kulichukua muda mrefu mno, makubaliano yalitangazwa Desemba 2023 na kundi la wafanyabiashara wenye mapenzi na timu lakini kukamilika kukaja kutokea Julai 2024, wiki chache tu kabla ya ligi, na katikati hapo hakuna aliyejua kama tutakuwepo. Siku habari ilipotoka kwamba imekamilika nilikuwa zamu, nikamwambia babu, akafumba macho, akaniambia niwashe redio nisikie mwenyewe.

Halafu watu wakaingia uwanjani na mafagio. Sio mafundi, mashabiki. Wengine wamestaafu, wengine wamekuja na watoto, wanapaka rangi, wanafuta viti, wanang'oa majani, siku zao za mapumziko, bila kulipwa. Nilikwenda na mwanangu tukapewa ndoo. Mimi hapo ndipo nilipojua maana ya kusema timu yetu. Man U naipenda mpaka leo lakini Man U haijawahi kunihitaji.

Msimu uliopita basi, 2024-25. Tulianza kwa kuchechemea kwa sababu wenzetu wamejiandaa kiangazi kizima na sisi tumefunguliwa kusajili dakika za mwisho. Sare zilikuwa nyingi mno, mechi unaongoza unarudishwa, nilirudi nyumbani na hasira nyingi. Lakini baada ya mwaka mpya wakakaa sawa, na siku ya mwisho tukaingia kwenye saba bora, nafasi ya 7, ya mwisho kabisa inayoruhusu mchujo. Nafasi ya 7 maana yake kila mechi ya mchujo unacheza ugenini. Tukaenda Rochdale tukashinda 4-3 kwenye dakika za nyongeza. Tukaenda Forest Green, 2-2, tukawatoa kwa penati. Mji ulilipuka! Mji ambao miezi kumi nyuma haukujua kama una timu sasa unaenda Wembley.

Tarehe 1 Juni. Watu zaidi ya elfu 52, daraja la tano hilo ndugu zangu, haijawahi kutokea fainali ya daraja hilo kuwa na watu wengi hivo. Treni asubuhi zote bluu, vizee na vitoto, mama yangu wa blanketi kavaa skafu ya miaka ya tisini. Wapinzani Oldham, nao wana kilio chao, walikuwepo Ligi Kuu ilipoanzishwa 1992 halafu wakawa klabu ya kwanza iliyocheza Ligi Kuu kuanguka mpaka nje ya ligi, 2022. Tukaongoza. Wakarudisha. Tukaenda dakika za nyongeza, tukaongoza tena, na hapo mimi nilimpigia simu babu kule kazini, dada wa zamu akamwekea sikioni asikie kelele. Wakarudisha tena. Wakafunga la tatu. 3-2. Imeisha.

Nililia, mwanangu alilia, wanaume wazima na tatuu zao walilia. Kwenye mstari wetu hakuna aliyeondoka mara moja, tulisimama tukawapigia makofi wachezaji waliokuwa wamelala chini, na mama wa blanketi akaniambia, mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nawaza kama nitaizika timu hii, leo imenileta Wembley. Hiyo sentensi nimekaa nayo kiangazi kizima.

Usiku ule nikamtumia baba voisi ya kilio. Baba yangu ni Coastal Union wa kufa, Wagosi wa Kaya, mimi nilianza kuona mpira uwanja wa Mkwakwani nikiwa nimekaa mabegani kwake. Alikuwepo 1988 Coastal ilipochukua ubingwa wa Tanzania, na alikuwepo pia 2016, mwaka ambao Tanga tulishushwa timu zote tatu kwa mpigo, Coastal, African Sports na Mgambo, mkoa mzima ukabaki hauna timu Ligi Kuu. Hebu fikiria mji wenye mapenzi ya mpira kama Tanga. Akanijibu voisi ndefu sana, mwenyewe anavyopenda, akaniambia mwanangu, 2016 watu walichoma jezi zao, mimi sikuchoma, nilienda kuangalia mazoezi. Kwa nini mazoezi? Kwa sababu ukishashuka mechi zinakuumiza, ila mazoezini unaona kama watu bado wanataka. Coastal ikarudi Ligi Kuu 2018, na msimu wa 2023-24 ikamaliza ya 4 ikaenda kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Miaka minane kutoka shimoni mpaka kimataifa. Baba akasema waangalie kama wanataka, kama wanataka kaa hapo hapo.

Basi kiangazi hiki nimefanya hivo. Mechi za kirafiki nimeenda, sikuangalia matokeo kabisa, naangalia nani anarudi nyuma akipoteza mpira. Na kwa macho yangu wanataka.

Matumaini yangu sasa, maana ndo nilichokuja kusema na nimezunguka sana. La kwanza na hili naliweka juu ya kupanda daraja, nataka msimu mzima usiwe na habari ya mahakama. Nataka nifungue simu nikute habari ni nani kaumia goti na nani kasaini, basi. Mishahara itoke tarehe yake, yule kijana anayekata tiketi na yule mama wa jikoni walipwe. Mtu ambaye hajapitia hawezi kuelewa jinsi habari za kawaida zilivyo tamu. Na uwanja ubaki Roots Hall kama walivyoamua wamiliki wapya, ile habari ya kuhamishiwa uwanja mpya Fossetts Farm ilikuwa inazungumzwa tangu mimi sijui kusoma, sasa wamesema watakarabati hapa hapa na mimi naomba wafanye kweli, hata wakianza na paa na vyoo vya wanawake.

La pili ni mwanzo wa ligi. Safari hii kocha amepata kiangazi kizima, hatujafungiwa, hakuna anayefanya mazoezi huku anawaza kodi ya nyumba. Kwa hiyo sioni sababu ya kusubiri Januari ndo tuamke. Zile sare! Nusu tu ya zile sare zikiwa ushindi tunakuwa mahali pengine kabisa. Na hapa nataka nieleweke, sisemi tutakuwa mabingwa kirahisi, ligi imekuwa ngumu kuliko watu wanavyodhani. Carlisle imeshuka kutoka juu na hela zake na mashabiki wake. York walipata pointi 96 msimu uliopita na wamebaki, Rochdale wapo, Forest Green wapo. Halafu kuna Truro City wamepanda, timu ya kwanza kutoka Cornwall kufika daraja hili, huko ni karibu kilomita 500 kutoka kwetu, na Carlisle ni zaidi ya hapo kwenda kaskazini, yaani toka Tanga mpaka Dar na bado hujafika, usiku wa Jumanne, wachezaji kwenye basi. Mwili unachoka. Kikosi kipana ndo kitaamua hii ligi, sio kumi na mmoja bora.

La tatu, tumalize nafasi ya tatu au juu zaidi. Watu wengi hawaangalii hili. Anayeshika namba moja anapanda, wa pili mpaka wa saba wanacheza mchujo, ila wa pili na wa tatu wanaanzia nusu fainali na wanacheza nyumbani. Sisi msimu uliopita tulicheza Rochdale dakika 120, Forest Green dakika 120 na penati, halafu Wembley tena dakika 120, miguu itatoka wapi? Ile dakika ya mwisho mwisho dhidi ya Oldham niliona kabisa watu wetu wanakimbia kwa moyo tu. Tukimaliza ndani ya tatu bora, nusu fainali inakuja Roots Hall, usiku, taa zimewaka, watu elfu kumi na ushee. Sidhani kama kuna timu ya ligi hii itatoka pale salama.

Na kuna hili la nafasi za kupanda, hili linaniuma kama shabiki yeyote wa daraja hili. Kutoka League Two kwenda juu wanapanda wanne. Kutoka kwetu wanapanda wawili tu. Mwaka 2023 Notts County walipata pointi 107 wakawa wa pili kwa sababu Wrexham walipata 111, pointi 107 halafu unaambiwa nenda kwenye mchujo ukabahatishe, bahati yao walipita kwa penati. York na 96 zao walitolewa na Oldham aliyemaliza nyuma yao kwa zaidi ya pointi 20. Klabu zote 72 za National League na zile ligi zake mbili za chini, North na South, ziliungana kuandika barua kuomba wapande watatu. Hawaombi sadaka. Wanaomba nafasi moja tu, na timu zinazopanda zinaonyesha kwamba hawa watu wanajua mpira, angalia Luton walikaa nje ya ligi toka 2009 mpaka 2014, na 2023 wakaingia Ligi Kuu. Walivyokuja kushuka tena ni jambo jingine, walifika.

Kwa Waswahili wenzangu mlioko Essex na London ya mashariki, Wakenya, Watanzania, Waganda, najua wengi Jumamosi mko zamu na wengine mko kwenye kochi na Ligi Kuu. Njooni hata mara moja. Tiketi sio ile ya kukopa, watoto wanaingia, hakuna aliyenitazama vibaya toka nianze kwenda, na nikisema hivo namaanisha kwa uzoefu wangu mimi. Mtoto wangu shuleni wenzake wana jezi za City na Liverpool, yeye ana ya Southend, na wachezaji wake anawaona sokoni wakinunua maziwa.

Ratiba imeshatoka, nimeshakaa na dada anayepanga zamu kazini, Jumamosi nyingi za nyumbani nimepata na nimekubali kulipa kwa zamu za usiku Ijumaa, sijali usingizi. Mechi za Jumanne za ugenini nitasikiliza redio na babu. Yeye anasema safari hii ni ubingwa moja kwa moja, mchujo hataki kuusikia tena maishani mwake. Mimi nasema wa tatu, nusu fainali nyumbani, halafu Wembley tena na safari hii dakika 90 tu zinatutosha. Tumebishana wiki nzima, kaandika kwenye karatasi kabandika ukutani juu ya kitanda, jina lake na namba 1, jina langu na namba 3, na jana mpishi naye kaja kaongeza la kwake, kaandika 2.